Mkongojo Hauvunji Mguu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na anayebisha aje na ushahidi. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo si mengi, kwa hiyo siwezi kuyachezea. Ukikutwa humu uongo hata wa ukubwa wa mbegu ya usufi, nitakaa kibarazani kwa Mama Usufi nichambue gunia zima, bila kupumzika na bila chai. Ahadi hiyo nimeitoa mbele ya mumewe na binti yake. Basi tuanze, maana mwenye kiapo shingoni hana muda wa kuzungukazunguka.

Asubuhi hiyo Mama Usufi alikuwa ameinamia godoro la futi nne, sindano ndefu mkononi na nyingine imebanwa midomoni, alipouona mto ukimjia. Aliyeubeba alifuata nyuma yake: mke wa kinyozi, mteja wa miaka yote, ameushika kwa vidole viwili na kuunyoosha mkono mbele kama mtu anayekwenda kutupa panya.

"Za asubuhi, mama. Nimekurudishia."

Mama Usufi alitoa sindano mdomoni. "Umepasuka?"

"Haujapasuka."

"Umelowa?"

"Haujalowa." Mke wa kinyozi aliuweka mto kizingitini. Yeye mwenyewe hakuingia. "Ni ile habari tu, mama. Unajua nina watoto."

"Habari gani, mwanangu?"

"Kumbe hujauona mlango wa jirani yako."

Mama Usufi alivuka barabara na kastabini yake ya kushonea bado kidoleni. Ng'ambo ya pili palikuwa na duka la Bwana Sponji, magodoro yake yamesimamishwa wima nje kama askari wa gwaride, kila moja limevishwa nailoni. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyokuzwa hadi kufikia ukubwa wa shuka la mtoto. Mstari mmoja ulipigiwa wino mwekundu: wanaolalia usufi wamekutwa na pumu mara sita zaidi ya wasiolalia. Chini yake, kwa mwandiko wa mwenye duka, paliandikwa: Sayansi imesema. Karibuni ndani.

"Jirani, mimi sina neno na wewe," alisema Bwana Sponji kabla hajaulizwa. "Mimi nimebandika tu. Waliosema ni madaktari."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma vizuri sana."

"Yote?"

"Pale nilipopiga mstari."

Kabla ya adhuhuri mito iliyorudi ilikuwa kumi na saba, na kila aliyeileta alidai fedha zake akiwa amesimama nje. Saa sita afisa afya alifika, naye aliongea akiwa kizingitini, leso imefunika pua.

"Baba, hiyo leso ni ya mafua yako au ni ya kwangu?" Mama Usufi alimuuliza.

"Ni ya tahadhari, mama. Samahani." Alimpa barua yenye mhuri. Kuanzia siku hiyo kuuza usufi marufuku. Baada ya siku kumi na nne usufi wote uliomo ungepelekwa dampo kuchomwa moto, isipokuwa kama mwenye mali angekuwa na pingamizi la maana. Kikao kitakaa siku ya kumi na nne, ukumbi wa halmashauri, saa nne kamili.

"Pingamizi la maana ndilo lipi?"

"Hilo sijui, mama. Mimi kazi yangu ni kuleta barua."

Ndani mlikuwa na magunia tisa. Yalikuwa ya kuanzia magodoro mia na ishirini ya shule ya bweni, kazi ambayo mama na mumewe waliipata baada ya kuiwinda miaka minne. Mchana matroni wa shule alipiga simu. Hakusema mengi. Alisema wazazi wameuona ule mlango.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mchambuzi kwa sababu hakuna aliyetoa mbegu kwenye usufi upesi kama yeye, alitoka bila kuaga. Aliporudi alikaa kwenye benchi, akawa anavitazama viganja vyake.

"Ulikwenda wapi, baba watoto?"

"Kwa Bwana Sponji. Nilimwambia naweza kupakia na kupakua. Mgongo bado upo."

"Akasemaje?"

Mzee aligeuza viganja. "Akasema nije nikishaoga, usufi ukinitoka."

Mama Usufi aliichukua sindano yake, akaendelea na godoro ambalo hakuna aliyelingoja, akashona mshono mmoja baada ya mwingine mpaka akalimaliza.

*

Binti yao alifundisha hesabu darasa la tano, nao nyumbani walimwita Mwalimu, kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea. Jioni ya pili aliingia na kurasa nane zilizobanwa pini.

"Huo ndio utafiti wenyewe," alisema. "Mlangoni kwa jirani kuna ukurasa mmoja. Hizi ni zote. Nimezitoa kwenye jarida lao kwa simu, nikazichapisha dukani."

"Mwanangu, sisi tunataka kula, wewe unatuletea kurasa," alisema Mzee.

"Baba, mtu akikushitaki, husomi mashitaka?"

Mama Usufi aliufuta mkono, akasogeza benchi. "Soma. Lakini usinisomee kama wanafunzi wako. Nisomee kama mtu ananiuzia kitambaa. Nitauliza."

Basi wakaanza, na namna Mama Usufi alivyouliza ilikuwa ileile aliyotumia kwa wauza vitambaa: kageuza huku, kavuta kule, kanusa, kauliza kilitoka wapi.

"Hao wagonjwa waliwapata wapi?"

"Kliniki ya kifua ya hospitali yetu. Wagonjwa tisini. Kati yao sitini wanalalia usufi."

"Na wazima?"

"Tisini pia. Watu waliokuja hospitali kutibiwa meno. Hao, wanaolalia usufi ni ishirini na wawili tu."

"Sitini kwa ishirini na wawili. Hiyo mara sita imetoka wapi? Naona hata mara tatu haifiki."

Mwalimu alicheka kidogo, akachora visanduku vinne nyuma ya karatasi. "Wana namna yao. Wanachukua wenye usufi kwa wasio na usufi, upande wa wagonjwa: sitini kwa thelathini, yaani wawili kwa mmoja. Upande wa wazima: ishirini na wawili kwa sitini na wanane, kama mmoja kwa watatu. Ukilinganisha uwiano kwa uwiano unapata sita. Hesabu yao ni safi, mama. Nimeirudia mara mbili."

Mzee aliguna. "Basi tumekwisha."

"Ngoja," alisema Mama Usufi. "Kitambaa kinaweza kupimwa sawasawa na bado kikawa kimeoza. Waliwauliza nini hasa?"

Mwalimu alifungua ukurasa wa tatu. "Hili hapa. Je, unalalia mto au godoro la usufi? Ndiyo au hapana."

"Endelea."

"Hakuna kuendelea. Swali la usufi ni hilo tu."

"Hawakuuliza tangu lini?"

"Hawakuuliza."

Mabega ya Mama Usufi yakaanza kutikisika, na mumewe akadhani analia, akainuka amshike. Alikuwa anacheka.

"Baba watoto, nani hutuletea wateja wa mito kila wiki? Wale wanaokuja na kikaratasi?"

"Muuguzi wa kliniki ya..." Mzee alikaa tena taratibu. "Ya kifua."

"Muuguzi wa kliniki ya kifua. Mtu akianza kubanwa, anakwenda pale. Muuguzi anamuuliza analalia nini. Anasema magunia, matambara, godoro la majani la marehemu bibi. Muuguzi anamwambia katupe hilo, kanunue mto mpya kwa Mama Usufi. Sasa daktari anakaa mlango wa kliniki hiyohiyo anawahesabu. Lazima awakute na mito yangu. Ni kama mtu akae mlango wa wodi ya mifupa, ahesabu wenye mikongojo, halafu aandike kwamba mkongojo huvunja mguu."

Mwalimu alikuwa tayari anapekua kurasa za nyuma, kidole kinakimbia. Kilisimama ukurasa wa saba, penye maandishi madogo. "Mama, wenyewe wamesema. Sikilizeni: utafiti huu hauwezi kuonyesha kipi kilitangulia, matumizi ya usufi au ugonjwa."

"Basi yamekwisha," Mzee alisema. "Tuwapelekee huo ukurasa wa saba."

"Hayajaisha, baba. Hawakusema usufi hauna kosa. Wamesema hawajui. Na afisa atatujibu kwamba asiyejua afadhali achome." Mwalimu alimgeukia mama yake. "Wao hawajui kipi kilitangulia. Sisi tunaweza kujua?"

Mama Usufi aliinua macho ukutani. Hapo, juu ya cherehani, palikuwa na ubao wenye misumari kumi na mmoja, na kila msumari umezungushiwa uzi wa rangi yake.

Hapa sharti nieleze, maana kila kitu kinaning'inia kwenye misumari hiyo. Mama Usufi hakupenda mtu alalie usufi uliochoka. Ukifika miaka mitano unaganda, unatoa vumbi, unastahili kufumuliwa. Lakini wateja hudanganya umri wa mito kama baadhi yetu tunavyodanganya umri wetu. Kwa hiyo kila mwaka alichagua rangi moja ya uzi, na kila mto na godoro alilolishona mwaka huo alilitia fundo la rangi hiyo ndani ya kona, chini ya mshono, mahali ambapo hakuna anayeona bila kufumua. Mwaka ukigeuka, anapigilia msumari mpya. Hakuwahi kumwambia mteja. Ulipoletwa mto alifumua kona, akachungulia, akasema, "Huu una miaka sita, usinitanie."

"Kadi ya kliniki ina tarehe ya siku ya kwanza," alisema Mwalimu polepole. "Na mto una mwaka wake tumboni."

*

Wagonjwa walioulizwa na watafiti hawakuwa siri kubwa. Kila mmoja alipewa asante ya kikombe cha plastiki cha bluu chenye nembo ya hospitali, na vikombe hivyo vilikuwa vimezagaa mtaani vikichotea maji na kupandia vitunguu. Kwa siku kumi, Mwalimu akitoka shule, mama na binti walipita mlango kwa mlango.

"Hodi. Samahani, hicho kikombe cha bluu ni cha kwenu?"

Wengine waliwafungia mlango puani. Mwanamke mmoja alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kusikika, akalete dawa ya kunyunyizia. Fundi viatu mmoja, mwenye kifua kinachopiga mluzi, aliwaacha wasimame juani mpaka alipomaliza kushona soli mbili.

"Mmekuja kuninyang'anya mto?"

"Tumekuja kuiona kona yake, kaka," alisema Mama Usufi. "Na kadi yako, ukiridhia."

"Nikikataa?"

"Nitakushukuru, nitakwenda nyumba ya pili."

Fundi viatu alimtazama, akainuka. Kadi yake ilikuwa na miaka sita. Mto wake, Mama Usufi alipofumua mishono mitatu, ulikuwa na fundo la zambarau, la mwaka juzi.

"Uliununua kwa nini?" Mwalimu aliuliza, kalamu tayari.

"Niliambiwa kliniki. Kwani nyinyi hamkujua?"

Waliandika kwa penseli kwenye daftari la mazoezi la mraba, safu mbili: mwaka wa kadi, mwaka wa uzi. Safu zilipanda vizuri. Siku ya saba walikuwa na ishirini na tisa, na karibu wote walikuwa wameugua kwanza, wakanunua baadaye.

Siku ya nane waliingia kwa bibi mmoja aliyeshona majamvi, mteja wa kwanza kabisa wa Mama Usufi, aliyemletea wateja wengine wakati ambapo hakuna aliyemjua. Bibi aliwapa mto, akaenda jikoni kutafuta kadi. Mwalimu alimfuata amsaidie kuinua sanduku. Mama Usufi alibaki peke yake na mto na mkasi.

Alifumua kona. Uzi ulikuwa wa manjano, msumari wa kwanza. Miaka kumi na mmoja. Na kutoka jikoni alisikia binti yake akisoma kadi kwa sauti: miaka minne.

Mto kwanza. Ugonjwa baadaye.

Mfukoni mwa aproni yake mlikuwa na kigurudumu cha uzi wa zambarau. Kukata fundo moja na kufunga jingine kungemchukua muda wa kupiga chafya. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo mara elfu. Bibi haoni vizuri. Mwalimu alikuwa ameinamia sanduku. Na magunia tisa yalikuwa yakingoja kiberiti.

Ulimi wa mkasi ulikwisha kugusa fundo. Ukakaa hapo.

"Mama," Mwalimu aliita akirudi, "wa mwaka gani?"

Mama Usufi aliufunga mkasi. "Wa manjano. Andika."

Mwalimu alitazama mkasi, akatazama uzi, akaandika.

Mzee ndiye aliyesema, walipofika nyumbani. "Mngemruka. Mko wawili tu, nani angejua?"

"Mimi ningejua," alijibu mkewe. "Na nikijua mimi, kikaoni nitamwambia nini yule daktari? Kwamba yeye alisahau swali, na mimi nimesahau jibu?"

*

Siku ya kumi na nne ukumbi ulijaa. Watu walikuwa mia tatu bila kupungua, wengine wamening'inia madirishani, mimi nikiwa mmoja wao. Mbele alikaa mwenyekiti wa halmashauri, pembeni yake afisa afya na leso yake, na Daktari aliyeandika utafiti, mwanamke wa makamo mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja umeungwa kwa gundi. Bwana Sponji alikaa safu ya kwanza, amevaa suti.

Mama Usufi alisimama na ubao wake wa misumari kwapani. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi.

"Shikamoo, mwenyekiti. Shikamoo, Daktari. Mimi ni mshona magodoro. Sikuja kusema usufi ni dawa. Nimekuja kuuliza swali moja. Watu wako sitini, Daktari, walinunua mito kabla ya kuugua, au waliugua kabla ya kununua?"

"Hilo hatukulipima," alisema Daktari. "Tumeandika hivyo ukurasa wa saba."

"Nimeuona, mama. Lakini mlango wa jirani yangu una nafasi ya ukurasa mmoja."

Watu wakacheka. Mwalimu akasimama na daftari la mraba, akasoma kama anavyosoma mahudhurio, bila kupandisha sauti. Kati ya sitini wamewafikia arobaini na watatu. Thelathini na sita walianza kliniki kwanza, mto ukafuata mwaka wa baadaye. Wawili, kadi na uzi ni vya mwaka mmoja, kwa hiyo hawajui, na hawatakisia. Watano walilalia usufi kwanza, wakaugua baadaye. "Hao watano," alisema, "wa kwanza ni mteja wa kwanza wa mama yangu."

Daktari alivua miwani. "Mmewaleta na hao watano?"

"Ulitaka tuwaache wapi?" aliuliza Mama Usufi.

Bwana Sponji aliinua mkono. "Mwenyekiti, nyuzi ni zake, sindano ni yake. Nani atatuhakikishia hakuzifunga juzi?"

Ukumbi uliguna, na kweli lilikuwa swali zuri. Mshindani wako mara nyingine hukufanyia kazi bila malipo. Mama Usufi alimgeukia.

"Umeuliza vizuri, jirani. Ungeuliza hivyo na ile karatasi tusingefika hapa." Kisha kwa mwenyekiti: "Kuna kumi na saba ambao hatukuwapata. Mimi siwajui. Daktari ana orodha yake. Mchukueni afisa, mpeni ubao wangu na mkasi, aende kwa hao ambao Daktari atamwelekeza na ambao wataridhia. Mimi nitakaa hapa hapa mbele yenu, mikono juu ya meza."

Na alikaa hivyo, mikono juu ya meza. Daktari alimnong'oneza afisa nyumba nne za karibu. Akaenda kwa miguu. Saa nzima ilipita. Mama Usufi hakuiondoa mikono hata kujifuta jasho. Mzee alimfuta kwa mkono wa shati lake mbele ya umma wote, na hakuna aliyecheka.

Afisa alirudi anahema, usufi umemjaa kwenye koti na nywele kama mtu aliyepigana na kuku. Leso ilikuwa mfukoni.

"Nyumba nne," alisema. "Nimefumua mwenyewe, nimesoma kadi mwenyewe. Watatu waliugua kwanza." Alipumua. "Mmoja, mto ulitangulia."

"Andika na huyo," Mama Usufi alimwambia binti yake.

Daktari alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanadondoka mpaka kwenye kurasa zake nane.

"Swali la tangu lini lilikuwemo kwenye fomu ya kwanza," alisema. "Tuliliondoa ili fomu itoshe ukurasa mmoja. Huo ndio ukweli, nami naona haya kuusema. Mama huyu hajathibitisha kwamba usufi hauna neno, na hajasema amethibitisha. Lakini karatasi yangu haiwezi kuibeba amri hii. Nitaliandikia jarida, na safari hii nitaomba ule ubao wa misumari."

Mwenyekiti aliichana barua ya marufuku mara mbili. Kelele zilizopigwa zilitikisa mabati. Mzee Mchambuzi, mtu ambaye hajawahi kukimbia mbele ya watu, alikimbia mpaka nyumbani kuyafungua magunia.

Matroni wa shule alipiga simu siku ya tatu, akasema wazazi wameusikia ule ukumbi. Mke wa kinyozi alirudi kuchukua mto wake, na mara hii aliubeba kifuani. Karatasi ya mlangoni ilitoweka. Na Bwana Sponji mwenyewe, jioni moja, alionekana akiingia kwa mlango wa nyuma wa Mama Usufi amevaa gauni la mkewe na kujitanda ushungi, akaomba kwa sauti nyembamba mto mmoja wa usufi, kwa ajili ya shingo. Aliondoka nao chini ya gauni, amevimba kama mja mzito wa miezi tisa.

*

Hapo nilitaka kuweka kalamu chini. Lakini nilikuwa nimeahidi kumwonyesha Mama Usufi kabla ya mtu mwingine, nikampelekea. Alisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, miguu kwenye kanyagio la cherehani. Kisha akavuta benchi.

"Kaa, babu. Nitakuuliza."

Nikajua nimekwisha.

"Watu mia tatu. Nani aliwahesabu?"

"Kwa macho tu..."

"Ukumbi una viti arobaini, na vitano havina miguu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

"Ukumbi ule hauna dirisha. Una matundu ya hewa." Aligeuza ukurasa. "Daktari alilia?"

"Macho yalikuwa mekundu, Mama Usufi, mwenyewe uliyaona."

"Afisa alimkung'utia koti karibu. Haya. Bwana Sponji alivaa gauni la mkewe?"

"Nilisimuliwa na mtu anayeaminika."

"Mkewe alirudi kwao mwaka wa tatu huu, na nguo zote alibeba. Gauni lilitoka wapi?"

Mwalimu, aliyekuwa anasahihisha madaftari pembeni, aliinamisha kichwa ili nisiuone uso wake. Nikajaribu kujitetea kwamba chumvi si uongo. Mama Usufi alinyoosha kidole kwenye zile namba.

"Thelathini na sita, wawili, watano. Hizi hukuzigusa?"

"Sikuzigusa. Naapa kwa..."

"Acha meno yako. Nimeshazilinganisha na daftari." Akanirudishia karatasi zangu. "Yaache yote kama ulivyoandika, na haya uyaongeze mwishoni. Gunia liko pale."

Nimelipa. Nilikaa kibarazani tangu asubuhi, bila chai, Mzee Mchambuzi kakaa mkabala nami akinionyesha namna ya kuzitoa mbegu bila kuupasua usufi, na wapita njia wakiulizana yule babu ameajiriwa lini. Gunia lilipofika nusu nilipiga chafya. Nikapiga ya pili. Ya tatu ilipeperusha kazi yangu ya saa nzima mpaka barabarani.

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye madaftari yake. "Babu, hizo chafya zilianza lini? Kabla ya gunia au baada?"

Nilimtazama Mama Usufi, mwenye nyumba, mwenye kazi yake aliyoipigania. Ingekuwa adabu kusema nilikuja na mafua. Uongo ulikuwa tayari umekaa kwenye ulimi, mzuri, umekamilika, una mpaka jina la mtu aliyeniambukiza.

"Baada," nilisema.

Mama Usufi alikata uzi kwa meno, akamwambia binti yake, "Andika."